Gazeti la Kale: Tutunze Karatasi, Tupige Filamu au Tuskani?

Fungua furushi la magazeti ya miaka ya 1940 lililofungwa kwa kamba ya katani. Kabla ya habari yoyote utakutana na makombo. Kamba imekata kingo za nakala za juu na za chini. Mkunjo wa katikati, pale gazeti lilipokunjwa ili liuzwe mkononi, umeachana. Ukilinyanyua unabaki na nusu mbili, na mstari mzima wa maandishi umeshamwagika mezani kama vumbi la majani ya chai. Usipulize. Teleza karatasi ngumu chini yake, uinue taratibu, uweke vipande vyote ndani ya bahasha moja na tarehe ya toleo juu yake.

Si lazima awepo aliyelitesa gazeti hilo. Limezaliwa na ugonjwa wake. Tangu karne ya 19 karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, yaani kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka njano na kuzalisha asidi inayokata nyuzi za karatasi. Joto na unyevunyevu wa pwani huongeza kasi. Ndiyo maana msahafu wa zamani ulioandikwa kwenye karatasi ya matambara bado unafunguka vizuri, na gazeti la mwaka 1961 linavunjika kama jani kavu.

Mwenye furushi kama hilo, awe mkutubi, ofisi ya gazeti, parokia au mjukuu wa mwalimu aliyekuwa akikusanya gazeti la Mambo Leo, hukwama mahali pamoja. Mmoja kamwambia askani haraka. Mwingine kamwambia kwamba maktaba kubwa za utafiti za Ulaya na Marekani zinaiamini mikrofilamu, yaani picha ndogo sana za kurasa kwenye utepe wa filamu. Wa tatu kamwambia asiguse kitu. Wote watatu wana sehemu ya haki, kwa hiyo njia zenyewe, ambazo kwa kweli ni nne, nimeziweka hapa kwenye mizani moja.

Tunapima nini

Uhai: kitu hiki kitasomeka kwa miaka mingapi, na kinataka kuangaliwa mara ngapi ili kisife? Uaminifu: kinalionyesha gazeti lilivyokuwa, picha na rangi zake, hata penseli ya msomaji pembeni? Msomaji: nani atalifikia, akiwa wapi, na atatafutaje neno moja katika kurasa elfu kumi? Gharama: fedha ya siku ya kwanza, kisha umeme, mikono na miaka inayofuata. Mamlaka: kazi ikiisha, nakala kuu iko kwa nani, na nani anatoa ruhusa ya kuisoma?

Hili la mwisho watu hulikumbuka mkataba ukiwa umeshasainiwa. Magazeti ya kwetu yamesafiri sana. Anayefuatilia Kiongozi, lililotoka Tanga enzi za Wajerumani, au Kwetu, alilolianzisha Erica Fiah jijini Dar es Salaam mwaka 1937, hujikuta akiuliza Berlin na London kama anavyouliza nyumbani.

Na kabla ya mizani, orodha. Andika kila toleo ulilonalo: tarehe, namba, kurasa zilizopo, zilizochanika, zilizokosekana. Kisha uliza kama mfululizo huo umeshapigwa filamu mahali fulani. Maktaba za Marekani zinazokusanya mambo ya Afrika zina ushirika uitwao CAMP, ulioanza mwaka 1963 kwa ajili ya kazi hiyo hasa, na filamu zake zinatunzwa Chicago katika Center for Research Libraries. Maktaba ya Bunge ya Marekani nayo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya ukanda huu wote. Katalogi zao ziko wazi mtandaoni.

Nalisisitiza hili kwa sababu limenikuta. Kikundi chetu kiliwahi kuskani kwa miezi mitatu mfululizo wa gazeti moja, tukianza na nakala nzima nzima kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi. Baadaye tukagundua kwamba karibu zote ziko kwenye filamu ng'ambo, isipokuwa matoleo kumi na moja. Hayo kumi na moja tulikuwa nayo. Ndiyo yaliyochakaa kuliko yote, tuliyoyaacha ya mwisho, na katika miezi hiyo mvua ilikuwa imepenya paa upande wa boksi lao. Tuliokoa saba.

Njia ya kwanza: kuitunza karatasi yenyewe

*Uhai.* Karatasi ya gazeti haiponi, ila kufa kwake kunaweza kucheleweshwa sana. Ilazwe bapa ndani ya boksi lisilo na asidi, gizani, katika chumba kikavu na baridi kadiri mnavyoweza, mbali na ukuta wa nje na mabomba. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilifungua jengo la magazeti Boston Spa, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 2015. Humo magazeti yanakaa gizani katika hewa iliyopunguzwa oksijeni ili moto usiweze kushika, na mashine ndizo zinazoyatoa rafuni. Sisi tunaweza kuanza chini zaidi ya hapo: kulitoa furushi kwenye sakafu ya simenti, kufungua kamba, kuondoa pini zenye kutu. Selotepu ya zamani mwachie mtaalamu, maana ukiibandua itaondoka na herufi.

*Uaminifu.* Hapa haina mpinzani. Wino mwekundu wa tangazo, ukubwa halisi wa ukurasa, bei iliyoandikwa kwa mkono na muuzaji, vyote vimo.

*Msomaji.* Mmoja kwa wakati mmoja, na kila anayefungua anapunguza kitu.

*Gharama.* Ndogo mwanzoni. Baadaye ni nafasi, na nafasi haina mwisho wa kulipiwa.

*Mamlaka.* Yenu yote.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kama msingi wa njia nyingine yoyote. Katika karne ya 20 maktaba nyingi za Marekani na Uingereza zilipiga filamu kisha zikayatupa au kuyauza majalada ya magazeti. Hata British Library iliuza mifululizo mingi ya magazeti ya nje mwaka 1999. Baadaye watafiti wakakuta filamu zenye kurasa zilizorukwa na picha zilizozama kwenye weusi, na karatasi ya kurudia kazi haipo tena. Ukiniuliza kama unaweza kutupa karatasi baada ya kuskani, jibu langu ni hapana, na ningelirudia mbele ya bodi yoyote.

Njia ya pili: mikrofilamu

*Uhai.* Hii ndiyo nguvu yake. Filamu ya fedha kwenye plastiki ya poliesta, ikisafishwa vizuri baada ya kuoshwa na kutunzwa mahali baridi na pakavu, hukadiriwa kwa viwango vya kimataifa kudumu miaka 500. Haitaki nywila wala programu mpya. Umeme ukikatika mwaka mzima, filamu inakusubiri. Taa na lenzi vinatosha kuisoma. Filamu za zamani za asetati ni habari nyingine. Fungua kopo lake unuse: ukipata harufu ya siki, filamu imeanza kuoza, itajikunja na kusinyaa, na mvuke wake unaziharibu jirani zake. Litenge kopo hilo siku hiyohiyo.

*Uaminifu.* Maandishi hutoka safi. Picha huumia, kwa sababu filamu ya magazeti hupigwa kwa weusi na weupe mkali: uso wa kiongozi kwenye jukwaa unaweza kugeuka doa lenye kofia. Maneno yaliyomezwa na mshono wa jalada hayatoki.

*Msomaji.* Aende ilipo mashine, azungushe ukurasa kwa ukurasa. Anayetafuta habari ya tarehe fulani anaipata upesi. Anayetafuta jina la babu yake bila tarehe atakaa hapo wiki. Hata hivyo filamu inasafiri vizuri: ushirika kama CAMP umewaazima wanachama wake filamu kwa miongo kadhaa, kitu ambacho hakiwezekani kwa gazeti linalovunjika.

*Gharama.* Kamera, filamu na dawa za kuoshea ni ghali, na maabara zinazoifanya kazi hii zinazidi kuwa chache. Mashine za kusomea zikiharibika, kumpata fundi ni kazi. Ila ukishamaliza, gharama yako ni chumba baridi.

*Mamlaka.* Filamu huwa na vizazi vitatu: nakala hasi ya kwanza iliyotoka kwenye kamera, ya pili ya kuzalishia nyingine, na ya tatu ya wasomaji. Anayeishika ya kwanza ndiye mwenye gazeti. Ukipewa ile ya wasomaji peke yake, umepewa cha kukichakaza.

*Inamfaa nani.* Taasisi yenye hifadhi ya kuaminika na isiyo na uhakika wa bajeti ya kompyuta miaka ishirini ijayo.

Njia ya tatu: kuskani kutoka kwenye karatasi

*Uhai.* Faili halichakai, lakini hufa ghafla. Diski moja kuu iliyomo droo ya mkuu wa idara si hifadhi. Kaida ya kazi hii ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mji mwingine. Kila faili lipewe namba ya ukaguzi inayohesabiwa upya mara kwa mara ili kujua kama kuna biti, yaani chembe ya data, iliyobadilika. Na kila baada ya miaka michache zote zihamishiwe vyombo vipya. Huo ni wajibu wa kudumu, kama kulisha mifugo. Nani atafanya kazi hiyo mradi ukiisha na gari la wafadhili likiondoka?

*Uaminifu.* Bora kuliko filamu, hasa kwa picha na rangi. Kiwango kinachotumika sana kwa magazeti ni nukta 400 kwa inchi. Skana ya kupitisha karatasi kwenye magurudumu usiiruhusu chumbani. Tumia kamera iliyoning'inizwa juu au skana ya kitabu, gazeti likiwa limelala chali. Weka kipande cha rula na kadi ya rangi kwenye picha ya kwanza ya kila toleo. Ukurasa ukikosekana, piga picha ya karatasi iliyoandikwa "Ukurasa wa 5 haupo", mtafiti wa kesho asidhani ni uzembe wenu.

*Msomaji.* Njia hii inafika mbali kuliko zote. Mwanafunzi wa Bujumbura na mjukuu aliyeko Muscat wanaweza kufungua ukurasa uleule usiku mmoja. Lakini kuuona ukurasa na kuutafuta ni mambo mawili. Ili neno litafutike, programu lazima isome herufi zilizomo kwenye picha, na Kiswahili cha magazeti ya zamani kinaisumbua kwa namna ambayo mkandarasi wa nje hataijua msipomwambia.

Kwanza tahajia. Kabla ya kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji, na hata baadaye, utakuta "khabari" na "habari", "alfu" na "elfu". Anayetafuta tahajia moja anakosa nusu ya magazeti. Pili, safu za gazeti ni nyembamba na maneno yetu ni marefu, hivyo "walipokutana" linakatwa mwishoni mwa mstari na programu inaona vipande viwili visivyo na maana. Tatu, ile alama ya ng': king'amuzi hugeuka "king amuzi" au "kingamuzi". Nne, na hili ndilo kubwa, kitenzi chetu hubadilika mbele na nyuma. Alinunua, wakanunua, ananunuliwa, tuliponunua: mtafutaji anahitaji mfumo unaomruhusu aandike kiini "nunu" na apate vyote. Mifumo mingi iliyotengenezwa kwa Kiingereza hutafuta neno tangu herufi yake ya kwanza, na hapo Kiswahili kimefungiwa mlango. Ulizeni hilo kwenye majaribio, kwa kurasa zenu wenyewe, kabla ya kulipa.

Bado hatujagusa Al-Falaq la Zanzibar na kurasa zake za Kiarabu, Samachar lenye Kigujarati, au Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililochapwa kwa herufi zile za Kijerumani zenye pembe pembe. Kila hati inataka mafunzo yake ya programu. Mfano wa kuigwa upo: Maktaba ya Taifa ya Australia, katika huduma ya magazeti inayojulikana sasa kama Trove, tangu mwaka 2008 imewaachia wasomaji wenyewe wasahihishe maandishi yaliyosomwa vibaya, na wamesahihisha mistari kwa mamilioni. Wazee waliosoma magazeti haya yakiwa mapya bado tunao. Wangeweza kuketi na vijana na kuifanya kazi hiyo sasa.

*Gharama.* Piga hesabu. Ukurasa wa sentimita 60 kwa 40, kwa nukta 400, una nukta karibu milioni 60: takriban MB 60 kwa rangi ya kijivu, MB 180 kwa rangi kamili. Gazeti la kila siku lenye kurasa 8, likitoka siku 300, ni kurasa 2,400 kwa mwaka, yaani GB 144 za kijivu au zaidi ya GB 430 za rangi. Zidisha mara tatu kwa nakala za usalama. Mgandamizo wa mafaili usiopoteza kitu unaweza kupunguza karibu nusu. Juu ya hapo weka mikono: kufungua, kunyoosha, kugeuza, kukagua, kuandika majina ya mafaili. Mikono ndiyo inayokula fedha nyingi, kuliko skana.

*Mamlaka.* Milango ya kuifanikisha kazi hii ni mitatu. Wa ruzuku, kama Endangered Archives Programme ya British Library iliyoanza mwaka 2004: magazeti hayatoki nchini, nakala moja inabaki kwa wenyewe na nyingine inawekwa London na kusomwa bure. Wa kampuni inayoskani kwa gharama yake kisha ikaziuzia maktaba haki ya kusoma: kazi hufanyika haraka na kwa wingi, ila msomaji wa nyumbani anaweza kujikuta nje ya uzio, kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba nchi ya gazeti inasoma bure, na kwamba baada ya miaka kadhaa uzio unaondolewa kwa wote. Mlango wa tatu ni kujifanyia wenyewe, polepole. Vyovyote iwavyo, hakimiliki iangaliwe: sheria za Kenya na Tanzania zinailinda kazi ya maandishi katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na mashairi ya wasomaji yaliyojaa magazeti yetu yana wenyewe.

*Inamfaa nani.* Wenye mfululizo ambao haujapigwa filamu popote, au wenye picha na rangi nyingi, au wanaotaka wasomaji wa mbali, ilimradi kuna mtu mwenye jina na cheo atakayelisha mafaili hayo.

Njia ya nne: kuskani filamu iliyopo

*Uhai.* Ni ule wa faili, ila una mto wa kuegemea: faili likipotea, filamu bado ipo.

*Uaminifu.* Inarithi kasoro zote. Ukurasa uliorukwa mwaka 1965 umerukwa tena, na picha iliyokuwa doa inabaki doa.

*Msomaji.* Sawa na njia ya tatu, isipokuwa programu hukosea zaidi pale filamu ilipofifia au kukwaruzwa. Skani kutoka kizazi cha kwanza au cha pili, kamwe si ile reli (gurudumu la filamu) iliyochakazwa na wasomaji.

*Gharama.* Nafuu kwa mbali, kwa kuwa mashine inavuta reli nzima yenyewe. Mpango wa taifa wa magazeti wa Marekani, ulioanza kutoa ruzuku mwaka 2005 na kuzaa tovuti ya Chronicling America, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya filamu zilizokuwa zimeshapigwa miaka ya nyuma.

*Mamlaka.* Mwenye filamu ndiye mwenye neno. Mkiomba, ombeni kwa pamoja kama nchi au chama cha wakutubi, mkiwa na ile orodha mkononi: matoleo tuliyonayo ambayo filamu yenu haina. Hapo mnazungumza kama wabia, kwa sababu nao wanahitaji pengo lao lizibwe.

*Inamfaa nani.* Mfululizo mrefu wa maandishi, filamu nzuri ikiwepo.

Kwa hali yako

Una boksi moja au mawili ya familia, matoleo machache ya Mambo Leo au Baraza: yalaze bapa, andika orodha, ipeleke orodha hiyo (si magazeti) kwa hifadhi ya taifa au chuo kikuu kilicho karibu. Matoleo yakiwa ni yale wasiyonayo, pigeni picha kwa kamera nzuri siku moja mezani kwako, nawe ubaki na karatasi.

Ninyi ni ofisi ya gazeti yenye chumba cha majalada ya miaka 50: msianze na mwaka wa kwanza kwa heshima yake. Anzeni na majalada yanayovunjika ambayo hayamo kwenye filamu ya mtu yeyote. Yaliyomo kwenye filamu nzuri yasubiri njia ya nne.

Ninyi ni maktaba ya taifa au ya chuo, na umeme na bajeti vinayumba: filamu kwa mifululizo mikuu bado ni uamuzi wa busara, na skani za wasomaji zitoke humo. Mkiwa na wataalamu wa kompyuta wa kudumu na mji wa pili wa kuweka nakala, skanini karatasi moja kwa moja.

Ninyi ni maktaba ya utafiti ng'ambo na mnataka magazeti ya Kiswahili kwa wasomaji wenu: orodhesheni mapengo yenu hadharani, tumeni kizazi cha pili cha filamu mlizonazo kirudi Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Mombasa, na lipieni mikono ya wanaokaa na karatasi huko.

Na kama mvua za masika zimekaribia na bado hamjaamua lolote, yainueni maboksi sentimita kumi na tano kutoka sakafuni, yasogezeni mbali na ukuta, na mtu mmoja apande akaangalie paa wiki hii.